Safu ya Sababu

Kabla jua halijafika Daraja Jeupe
nakunjua kigoda, nasugua mizani kwa kitambaa,
napanda mwenyewe kwanza.
Kutaisi bado inapiga miayo.
Mto Rioni unapita chini yangu, haukuulizwa uzito.

Viatu navua. Funguo naweka kando.
Kilemba sivui, nisije nikaanza
kuvua nywele, kisha meno, kisha miaka.
Naandika kwa wino. Kalamu ya risasi
ina rafiki yake, naye ni kifutio.

Daktari Manana alinichorea safu mbili, siku na uzito.
Ya tatu nilijiongezea: sababu.

Jumatatu, 97.2. Sababu: nimeanza.
Jumanne, 96.5. Sababu: nimeanza, na nina kiburi.
Jumatano, 97.9. Sababu: tumemzika Varlami,
na mjane alisimama mlangoni
akitazama nani ameacha mkate wa jibini kwenye sahani.
Alhamisi, 98. Sababu: chumvi ya matanga
ingali inakunywa maji ndani yangu.

Wateja hulipa sarafu moja, ndogo.
Zauri muuza samli hupanda na koti:
"Punguza kilo tatu, Nazibrola, hilo ni koti."
Julai huja na shati. "Punguza tatu."
Tekle, harusi yake mwezi ujao, hushusha pumzi yote
kana kwamba pumzi ni nyama.
Sisemi pole. Sisemi hongera.
Nasoma mshale.

Zamani, kiwandani, nilipima vifukofuko vya hariri.
Alfajiri msimamizi alivinyunyizia maji
ili lengo la mwezi litimie.
Karatasi zilitimia. Nyuzi hazikutimia.
Nilitia sahihi.
Leo kiwanda ni paa lililoanguka,
na sahihi yangu iko humo mahali fulani, imelowa.

Basi Jumapili ile, mshale uliposimama 98.4
baada ya wiki mbili za kabichi na ngazi,
mkono ukaandika 96.
Hata nukta haukuweka; uongo hupenda namba kamili.
Siku nzima sikuweza kumtajia mtu uzito wake
bila kuutazama mshale mara mbili.
Tekle akauliza, "Imeharibika?"
Nikasema, "Mizani ni nzima."

Usiku niliikata ile 96 kwa mstari mmoja, mwembamba,
ili iendelee kusomeka,
nikaandika pembeni namba ilivyokuwa.
Sababu: msimamizi amerudi.

Haba na haba hujaza kibaba, hilo nalijua,
nimelijaza mwenyewe kwa kijiko.
Ila hakuna aliyewahi kuniambia
haba na haba hukipunguzaje.
Mwili si daftari la duka.
Hauandiki leo ulichoupa leo.
Hukopa, hukaa kimya, hulipa Ijumaa,
au hulipa mara mbili na kusahau ilikuwa ya nini,
na mimi nasimama juu ya bati nikiudai risiti kama karani asiye na ofisi.
Mstari huo umezidi mizani.
Nauacha hivyo hivyo, na viatu vyake.

Machi, 96.3. Sababu: magoti yameanza kunijibu vizuri.
Mei, 97. Sababu: Pasaka, na sijuti yai hata moja.
Agosti, 95.8. Sababu: joto, wala si mimi.
Oktoba, 93.9. Sababu: mimi.

Leo theluji ya kwanza.
Jana nilipanda kilima cha Bagrati kwa miguu,
usiku nikala supu ya maharage, bakuli moja, bila mkate.
Jana, 93.6.
Leo, 94.1.

Nimeshuka, nimepanda tena. 94.1.
Nimegeuza mizani ielekee mto. 94.1.
Zauri tayari amesimama, mikono mifukoni,
koti limefungwa hadi kidevuni.

Sababu: sijui.

Naupulizia wino ukauke.
"Haya," namwambia, "panda."